Moto wa Gari Umepotelea Wapi? Maneno Niliyowaambia Mafundi wa Malindi

Haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi hapa Malindi, chini ya mwembe wa uwanja wetu wa kazi, mbele ya vijana wa gereji, madereva wa matatu na wenye tuktuk. Waliokosa kufika wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, isipokuwa pale nilipotaniwa nami nikajibu; hayo yabaki ya mwembeni.

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nitaanza na pikapu iliyonifanya nikubali kusimama hapa, maana mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Mwenyewe ni bwana wa samaki, huwatoa Ngomeni akawaleta mjini. Pikapu ni ya zamani, ya kabureta inayochanganya petroli na hewa, na distributa inayogawa umeme wa cheche kwa kila silinda. Kila alfajiri ilikuwa haiwaki. Ikifika saa nne, jua likishapanda, inawaka kwa stata moja kama kwamba haijawahi kuumwa. Alikuwa amekwisha kuizungusha gereji mbili. Ya kwanza ikamuuzia betri. Ya pili ikamuuzia pampu ya petroli, ikafungua kabureta, ikaosha, ikafunga. Alfajiri ikirudi, mambo ni yale yale. Na samaki hawangoji saa nne.

Nikamwambia, bwana, usiniletee gari mchana, maana mchana halina ugonjwa. Liache lilale hapa. Saa kumi na moja alfajiri nikaja na kikoi changu, kijana wangu akakaa ndani, taa zote tukazima. Nikafungua boneti, nikamwambia zungusha. Wallahi, ilikuwa kama ule mwako unaouona majini ukitia kasia usiku wa giza. Vicheche vya samawati vilikuwa vikitambaa juu ya waya mkuu, ule utokao kwenye koili inayokuza umeme kwenda katikati ya distributa, kisha vinarukia chuma cha injini. Moto, yaani umeme wa cheche, ulikuwepo. Ulikuwa ukiibwa njiani.

Waya ulikuwa umezeeka, gamba lake lina nyufa ambazo mchana huzioni hata ukivaa miwani. Umande wa usiku ukichanganyika na chumvi inayoletwa na upepo, ufa unakuwa barabara. Jua likipanda, barabara inakauka, umeme unarudi kwenye njia yake. Basi ule ulikuwa ugonjwa wa waya, na mwenye gari alikuwa amekwisha lipa betri, pampu na ufundi wa kabureta. Tulipofunga waya mpya aliniangalia kwa jicho ambalo sikulipenda. Hakuniangalia kama mtu aliyesaidiwa. Aliniangalia kama mtu anayejiuliza sisi sote tumemla kiasi gani tangu aanze kumiliki gari.

Leo nataka tuzungumze juu ya jicho lile.

Mnajua kwa nini tunabahatisha? Si kwa ujinga. Wengi wenu hapa mna mikono kunishinda. Tunabahatisha kwa sababu mwenye gari hulipia kitu anachokiona. Ukimpa plagi nne, zile zinazopiga cheche, ndani ya boksi jipya, anatoa pesa. Ukimwambia nimekaa saa nzima na mita nikagundua kutu chini ya bolti moja, anakuuliza, sasa hapo nilipe nini? Kwa hiyo fundi anajifunza kuuza vipuri. Kupima hakumpi ugali. Mimi nimeamua kupima kuna bei yake. Natoza shilingi mia tano kuupima mfumo wa moto, na mteja akikubali nitengeneze, nazikata kwenye hesabu. Mwanzoni waliondoka wakicheka. Sasa wako wanaokuja kupima tu, halafu wanakwenda kutengenezea kwingine. Na waende, mradi mia tano zimebaki.

Lakini ukitoza watu kwa kupima, ni lazima ujue kupima. Haya, tuuandame moto tokea unakotoka.

Betri ni volti 12. Cheche ya plagi haiwezi kuruka kwa volti 12, hata ukiisomea dua. Inahitaji maelfu: elfu kumi na tano, elfu ishirini, na magari ya sasa hupita hapo. Anayezikuza ni koili. Ndani ya koili mna waya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja, mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu. Umeme wa betri unapita kwenye ule mnene na kukifanya chuma kuwa sumaku. Halafu unakatwa ghafla. Sumaku inaanguka, na kuanguka kwake ndiko kunakozaa ule umeme mkali kwenye waya mwembamba. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikibadilika karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya. Hayo ndiyo tunayokula nayo mpaka leo hapa Malindi.

Mshike neno moja hapo: unakatwa. Cheche huzaliwa umeme unapokatwa. Zamani waliokata ni pointi ndani ya distributa, zikifunguka na kufunga. Baadaye kikaja kisanduku cha elektroniki. Siku hizi ni kompyuta, na koili imekaa juu ya kila plagi. Mkataji amebadilika, kazi ni ile ile.

Na kazi ni nyingi. Chukua injini ya silinda nne, mizunguko 3,000 kwa dakika. Kila silinda inataka cheche moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo ni cheche 1,500 kwa kila plagi kwa dakika. Zote nne, cheche 100 kila sekunde. Dereva wa matatu anayeondoka hapa kwenda Mombasa, safari ya kama saa mbili, kila plagi yake imepiga zaidi ya mara laki moja kabla hajamshusha abiria wa mwisho. Ikikosa mara chache tu katika hizo, ninyi madereva mnaisikia kwenye mguu. Mnasema gari linamisi.

Sasa tuje kwenye kupima. Kabla sijashika spana, nauliza. Linamisi lini? Asubuhi likiwa baridi? Baada ya mvua? Likiwa na abiria wengi? Baada ya kuoshwa? Likishapata joto jingi, linazima, halafu baada ya nusu saa linawaka? Kila jibu linanipeleka mlango tofauti. La asubuhi na la mvua linanipeleka kwenye nyaya na kepu, kile kifuniko cha distributa. La kuzima likipata joto linanipeleka kwenye koili au kwenye sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta injini inazungukaje, maana vitu hivyo vikiungua kidogo ndani huwa vinapona vikipoa, kama mtoto anayelia mpaka umfikishe mlangoni kwa daktari. Gari la namna hiyo ukilipima asubuhi likiwa baridi, mita itakwambia halina ugonjwa. Liendeshe mpaka liugue, ndipo ulipime.

La kuoshwa nalo nalijua sana. Tunazo pampu za kuoshea magari kila kona sasa, na kijana anapiga maji mpaka chini ya boneti ili injini ing'ae. Maji yanaingia kwenye vishimo vya plagi, yanakaa humo kama kisimani. Probox inatoka kwenye kuoshwa inanguruma kama tuktuk. Hakuna kilichokufa. Chomoa koili, kausha kishimo kwa kitambaa au kwa hewa ya kompresa, angalia mpira wa koili kama umechanika, rudisha. Nimeona watu wakiuziwa koili nne kwa ajili ya kikombe cha maji.

Halafu betri. Najua mnaguna, mwasema tumekuja kusikia habari za cheche, huyu atuambia betri. Lakini koili ikipewa kidogo inatoa kidogo. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa na limetulia, inasoma kama volti 12.6. Ukizungusha stata, isishuke chini ya 9.6. Ikishuka hadi 8, stata yaweza kuzunguka na cheche isitoke, nawe utaanza kuilaani koili isiyo na kosa. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi.

Halafu, na hapa naomba simu ziingie mifukoni, pima waya wa negativu, ule unaofungwa kwenye injini na kwenye bodi, tunaouita ethi. Hapa pwani huo ndio mwizi wetu mkubwa. Upepo wa kusi unapuliza chumvi miezi na miezi. Magari yanayokwenda viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni ndiyo usiseme, yanarudi yamekaushwa kama papa. Kutu inaingia chini ya bolti. Juu waya unaonekana mzuri, chini ni unga wa kijani. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha negativu cha betri chenyewe, ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, halafu zungusha stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi yako ni mgonjwa. Fungua bolti, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu. Umetumia dakika kumi, na huenda umeponya gari ambalo wenzako walitaka kulifungua injini.

Baada ya hapo tunaitafuta cheche yenyewe.

Sote tulifundishwa vibaya hapa, na mimi wa kwanza. Tulifundishwa kuchomoa waya wa plagi, kuushika kwa bisibisi karibu na injini, tukazungusha na kutazama. Wengine huuacha unaning'inia hewani kabisa. Nilipokuwa mwanagenzi nilichomoa waya injini ikiwa inanguruma, nikaushika kwa mkono wenye jasho. Umeme ulinipiga mpaka kichwa kikagonga boneti, na mwalimu wangu akacheka mpaka akakaa chini. Aliacha kucheka tulipojaribu kuwasha tena. Gari halikuwaka. Umeme wa koili ukikosa pa kwenda, hutafuta njia ndani ya koili yenyewe au unarudi kukiua kisanduku kinachoikata. Nilikitoa kwenye mshahara wangu kile kisanduku, kidogo kidogo, mpaka Ramadhani ikapita na Idi ikanikuta bado nadaiwa.

Kwa hiyo tengeneza kipimo chako. Chukua plagi nzee nzima isiyopasuka, kata ule mguu wake wa pembeni, fungia klipu ya chuma kwenye mwili wake. Klipu ibane chuma cha injini barabara. Plagi isiyo na mguu inailazimisha cheche iruke mbali zaidi kuliko ile ya kawaida, na hilo ndilo tunalolitaka. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na hewa iliyobanwa ni ngumu kupasuliwa na cheche. Ndiyo maana plagi inaweza kupiga vizuri ukiwa umeishika mkononi, ukiirudisha ndani ikashindwa. Ndiyo maana pia gari linaweza kutulia vizuri hapa uwanjani likiwa tupu, halafu ukivuka daraja la Sabaki na watu na magunia, ukakanyaga mafuta, likaanza kukohoa. Ukikanyaga, silinda inashiba, kompresheni inapanda, cheche dhaifu inakata tamaa.

Cheche nzuri ni ya samawati yenye weupe, nene, na unaisikia inachapa: ta, ta, ta. Cheche ya njano au nyekundu, nyembamba, isiyo na sauti, hiyo ni ya kukuaga.

Kabla ya kuzungusha, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli au soketi za injekta, zile zinazonyunyiza petroli. Cheche nje na mvuke wa petroli hewani, hatutaki kukuzika. Na kama yupo mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kifuani, asimame mbali kabisa na gari. Hapo sifanyi mzaha.

Tuseme hakuna cheche hata moja, kwenye silinda zote. Usiguse plagi. Plagi nne hazifi usiku mmoja kwa kupatana. Angalia kilicho kimoja kwa wote. Kwenye gari la distributa fungua kepu, mwenzako azungushe stata, utazame rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake. Inazunguka? Kama haizunguki, mshipi wa taimingi huenda umekatika, au shafti ya distributa imevunjika, na hiyo ni habari nyingine, ya huzuni. Kama inazunguka, chukua testa ya taa. Swichi ikiwa imewashwa, gusa upande wa pozitivu wa koili: taa iwake. Haikuwaka, fuata fyuzi, fuata swichi, fuata waya. Iliwaka, gusa upande wa negativu huku stata ikizunguka: taa ipepese. Ikipepesa, mkataji anakata, na kama bado hakuna cheche, koili ndiyo mshtakiwa. Isipopepesa, koili umeitia hatiani bure. Tafuta pointi, kile kisanduku, au sensa inayokiamuru. Ndugu zangu, taa moja ya testa na dakika tano zimekugawia ugonjwa nusu kwa nusu, bila kununua hata skrubu.

Koili unaweza kuipima kwa omu pia, yaani waya unavyoupinga umeme. Ya zamani, upande wa waya mnene utasoma kama omu 1 hadi 3, ya elektroniki mara nyingi chini ya hapo. Upande wa waya mwembamba, maelfu, kati ya 6,000 na 15,000 kwa nyingi. Lakini namba ya mwisho ni ya kitabu cha gari lile. Na hizi koili za juu ya plagi zenye kisanduku ndani yake na pini nne, omu hazikwambii kitu cha maana. Nimeona mtu akiipima, akapata namba ya ajabu, akaitupa koili nzima jalalani. Nyaya za plagi nazo zina omu. Toyota wanasema waya mmoja usizidi 25,000. Pima huku ukiukunja taratibu. Namba ikirukaruka, umekatika ndani.

Kepu igeuze uitazame kwenye mwanga. Ukiona mstari mwembamba mweusi kama njia ya siafu kutoka ncha moja ya chuma hadi nyingine, hiyo ni njia ya makaa, cheche imejichimbia mkato. Haifutiki kwa kitambaa. Nimewaona wakiikwangua kwa kisu. Inarudi kwa wiki. Badilisha. Hapo kipuri kimestahili.

Alisimama binti mmoja, yuko mwaka wake wa pili wa kujifunza, akaniuliza: "Baba, haya ni ya magari ya kale. Gari la kompyuta si lajisema lenyewe?" Wakamcheka. Nikawaambia msimcheke, ndilo swali la siku.

Mwanangu, kompyuta husema nyumba gani inatoka moshi. Haisemi nani aliwasha. Ukichomeka mashine ikakwambia P0302, maana yake silinda ya pili inakosa. Basi. Haikusema plagi, haikusema koili, haikusema injekta, haikusema valvu imeungua. Lakini watu wakiona P0302 wanakimbilia dukani kununua koili. Fanya hivi. Chukua koili ya silinda ya pili, ibadilishane na ya tatu. Chukua plagi ya pili, ibadilishane na ya nne. Futa hiyo P0302 kwa mashine, liendeshe likiwa na mzigo, soma tena. Ikija P0303, koili imehama na ugonjwa wake. Ikija P0304, ni plagi. Ikibaki P0302, vyote viwili havina hatia, nenda kwenye injekta, waya wake, na kompresheni. Umetumia nini? Spana na jasho.

Akasema, "Na ikija P0300?" Nikacheka, maana huyu amesoma. Hiyo ni silinda mbalimbali zinakosa ovyo ovyo. Hapo rudi kwenye vya wote: petroli, hewa inayoingia kwa kuibia, na ile ethi niliyowaambia mweke simu mfukoni.

Plagi nimeziacha nyuma kwa makusudi, maana ndizo kila mtu huanza nazo. Zitoe injini ikiwa imepoa, hasa kichwa cha injini kikiwa cha alumini, usije ukatoka na meno yake. Zipange kwa mpangilio wa silinda zake, kisha uzisome. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu, injini ina afya. Masizi makavu meusi, petroli ni nyingi au cheche ni dhaifu; wahenga walisema moto huzaa jivu, huu wetu ukikosea huzaa masizi. Mafuta ya injini yanayong'aa, ringi au sili za valvu zinavuja, na plagi mpya haitakuponya, itakupa wiki mbili. Nyeupe iliyoungua yenye vidonge, injini inakula joto: petroli haba, taimingi imetangulia mno, yaani cheche inapiga mapema, au plagi si ya injini ile. Mtazamo mmoja wa plagi nne zilizopangwa juu ya gazeti unakupa habari za injini nzima, na wengi wenu huzirusha kwenye ndoo bila kuzitazama.

Gepu, ile nafasi inayorukwa na cheche, ipimwe kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, si kwa ukucha. Za pointi ni kama milimita 0.6 hadi 0.8, za elektroniki nyingi hufika 1.1. Za iridiamu msizipige brashi ya chuma wala kuzipinda. Ncha yake ni nyembamba kama sindano. Na siku hizi zipo za bandia, zenye boksi zuri kuliko za kweli. Plagi nyingi za sasa zina kizuizi ndani. Pima kutoka kichwa cha juu hadi ncha ya katikati, utapata omu elfu kadhaa, mara nyingi karibu 5,000. Ukinunua nne za jina moja na kila moja ina namba yake ya mbali, umeuziwa maneno. Kuzifunga, anza kwa vidole mpaka zikae. Mpya yenye washa, ile pete ya chuma shingoni, baada ya vidole ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Iliyotumika, kidogo mno, kama dakika tano kwenye saa ya mshale. Mwenye nguvu akaoneshe kwenye kupakia magunia.

Wa tuktuk nimewasikia mnanong'ona. Yenu ni silinda moja, mambo ni mepesi: plagi, kofia yake, waya, koili, kisanduku na swichi. Kofia ya plagi ndiyo inayowaangusha, imekaa wazi chini huko na kila dimbwi la Barani linaipiga maji. Ichomoe, tazama ndani kama ina kutu ya kijani, kata waya milimita chache hadi shaba safi, uirudishe. Kabla ya kununua kisanduku, jaribu cha mwenzako kwa dakika mbili. Mrudishie.

Taimingi nitaipitia mbio kwa sababu magari mengi ya sasa hayana pa kuigusa. Wenye Corolla za injini ya 5A, mnajua: unganisha pini za TE1 na E1 kwenye boksi la majaribio, weka taa ya taimingi kwenye waya wa silinda ya kwanza, alama isimame nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu. Ukisahau kuunganisha pini zile mbili, kompyuta itakusogezea moto wenyewe na utakuwa unaipimia dunia inayozunguka. Mpangilio wa moto, silinda zinavyofuatana kupata cheche, ni 1-3-4-2. Umekwisha.

Na yule bwana wa samaki amerudi wiki iliyopita. Hakuleta pikapu, alileta jirani yake mwenye Probox. Akamwambia mbele yangu, "Huyu atakutoza kabla hajafungua kitu. Mlipe." Sijui kama ile ni sifa.

Haya, nimesema sana na jua linapanda. Corolla ile pale chini ya turubai, nimeichezea kabla hamjafika. Sikukata waya wala sikuvunja kitu. Stata inazunguka vizuri, haiwaki. Mita ipo juu ya tairi, testa ipo, kipimo cha cheche kimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Ingieni watatu watatu. Atakayenitajia kipuri kabla ya kunitajia namba aliyoisoma, chai na kaimati za wote hawa ni juu yake.